Ng'ombe wa Ukutani

Ndani ya ukuta wa nyumba ya Koko, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kulikuwa na ng'ombe mzima. Hivyo ndivyo binamu yangu Naserian alivyonieleza siku niliyofika, nami nikaamini kuliko nilivyowahi kuamini hesabu za darasani. Koko ni nyanya yetu, mamake mama. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, fito kwa fito, kisha akaikandika samadi na udongo kama wafanyavyo akina mama wa Kimaasai. Ilinuka moshi, maziwa na ndama. Sisi watoto wawili tulilala kwenye kitanda cha ngozi, na ukuta wa upande wangu ulikuwa na joto kama la tumbo la mnyama. "Unasikia vile iko moto?" Naserian alininong'oneza. "Ni ng'ombe ilizikwa humo ikiwa hai. Ikikasirika inapiga watu teke. Afadhali ukuje huku, mimi nilale hapo."

Nikakataa katakata. Ng'ombe wa kukupasha joto bure, nani amwache? Nyumba yetu ya Kitengela ilikuwa ya mabati, kuta na paa. Januari kuku wetu walitaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Mama alimwaga maji sakafuni, akatundika leso iliyoloweshwa dirishani, nasi tukalala kifudifudi kwenye simiti kama mijusi. Baridi ikija, mabati yaleyale yaligeuka barafu. Tulibandika maboksi ukutani, tukavaa soksi mikononi, na alfajiri paa lilitudondoshea matone, utadhani mvua imejifunza kunyesha ndani. Mwaka ule nilikohoa hadi mbwa wa jirani wakahama, ndipo shule zilipofungwa Agosti mama akanipeleka kwa Koko.

Basi nikamtunza ng'ombe wangu. Mchana jua lilipochoma nje, ndani mlikuwa na giza na ubaridi mtamu, maana dirisha lenyewe lilitosha jicho moja. Nilimpachikia nyasi kwenye nyufa. Nikampaka na chumvi alambe. Usiku nilimkumbatia, naye Naserian, upande wa pili, alikunja magoti hadi kidevuni akitetemeka, na kila asubuhi aliniuliza kwa matumaini: "Bado haijakupiga teke?"

Kisha Mjomba Lemayian, kaka yake mama, akaja na mabati mapya kwenye pikapu. Alitaka nyumba ya zamani ibomolewe siku hiyohiyo, mamake aishi kisasa. Nilikimbia nikajibandika ukutani, mikono nimeitanua. "Mjomba, usibomoe! Kuna ng'ombe humu ndani!" Mjomba alicheka hadi akakalia mabati yake. Koko hakucheka. Alikuja akaweka kiganja ukutani, karibu na changu, akakiacha hapo kitambo.

"Lemayian," akasema, "hii nyumba ilijengwa na nani?"

"Ni wewe, yeyo."

"Na itabomolewa na nani?"

Mjomba, mtu mzima mwenye ndevu, alimwita mamake yeyo kwa sauti ya mtoto wa chekechea, kisha akaenda kupima kiwanja cha kando kwa hatua. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nyumba ya mabati ikasimama kando, ikahifadhi mahindi na kukinga maji ya mvua, naye Koko akaendelea kulala kwake.

Siku hizi naishi kwenye gorofa ya mawe hapa Kitengela. Joto likija nawasha feni, baridi ikija nawasha hita, na umeme ukipotea tunabaki kutazamana. Habari za ng'ombe yule sikuwahi kumuuliza mtu. Hata nilipokuwa mtu mzima nikisoma shule ya usiku, mwalimu wa sayansi alitaka mfano wa kitu kinachohifadhi joto, nikanyoosha mkono na kujibu, "Ng'ombe." Darasa zima lilianguka chini ya madawati.

Majuzi Naserian alinitembelea. Jua lilikuwa limetua. Akaegemea ukuta wa sebule yangu, akaguna, akaniita niuguse. Ulikuwa na joto lilelile.

"Sasa ng'ombe amepandaje hadi huku juu?" nikamuuliza.

Naserian alinitazama kwa huruma. "Wewe, hakukuwa na ng'ombe. Ukuta ya Koko ilikuwa inaangalia kule jua inazama. Inakula jua mchana, usiku inaitoa. Mimi nilikuwa tu nasikia baridi, nikataka unipishe hapo."