Mashine Iliyojibu Ombi la Dada

Jumanne, saa mbili asubuhi, mama mmoja anasimama kwenye dirisha la kliniki ya figo. Amekuja kusafishwa damu. Karani anapitia orodha mara mbili.

"Jina lako halimo, mama. Mliomba nafasi?"

"Binti yangu aliomba kwa simu. Akajibiwa ombi limepokelewa."

"Basi hakubonyeza vizuri. Ombeni tena, mje Ijumaa."

Alhamisi mama huyo akafariki.

Mdogo wake ndiye anayetunza mitambo ya kliniki hiyohiyo. Kazini wanamwita Fundi. Mwaka wa kumi na moja sasa anavaa sweta mchana kutwa, katika chumba cha baridi ambamo mashine nne za kompyuta hupokezana kujibu maombi ambayo wagonjwa hutuma kwa simu. Zimefanana mno, wenzake huziita mapacha.

"Ilikuwa huwezi kujua ipi imekujibu," anasema. "Niliomba kila jibu litiwe namba ya mashine. Mkuu akacheka, akasema mgonjwa anataka jibu, hana haja ya kujua kajibiwa na pacha yupi. Nikarudi kwenye mashine zangu."

Msibani, lawama zote zilimshukia binti wa marehemu, mwenye miaka kumi na sita. Baba yake hakugusa tena chakula alichopika mtoto huyo.

"Sema tu ulikuwa unachezea simu," alimwambia mbele ya watu.

Binti akamfuata Fundi jikoni. "Mama mdogo, niliituma. Haki ya Mungu niliituma."

Siku ya tatu baada ya mazishi, Fundi alirudi kazini na kutia zile namba bila kumuuliza mtu. Kisha akatuma maombi mia mbili ya majaribio. Hamsini yalijibiwa na mashine namba tatu. Katika hayo hamsini, hakuna hata moja lililofika kwenye orodha ya kliniki.

Jumamosi ile kabla ya kifo, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa zimehamishiwa hifadhi mpya. Fundi mwenyewe alibadilisha maelekezo kwenye mashine zote nne. Ilibaki kuzizima na kuziwasha upya, ndipo ziyafuate.

"Nyingine niliziwasha upya. Namba tatu nikaipita, nikidhani nimeshaimaliza. Zinafanana, na nilikuwa nimechoka."

Namba tatu iliendelea kuandika kwenye hifadhi ya zamani, ambayo hakuna aliyeifungua tena. Fundi akaifungua. Ombi la dada yake lilikuwamo, la Jumapili, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne jioni.

Akalichapisha, akampelekea shemeji yake, akamweleza kuwa namba tatu haikuwashwa upya. Mwanamume huyo alilisoma akiwa amesimama.

"Nani alisahau kuiwasha upya?"

"Mimi, shemeji."

Alimwita binti yake, akamwomba radhi palepale. Halafu akafungua mlango wa nje, akaushikilia mpaka Fundi alipotoka.

Ofisini Fundi alipewa barua ya onyo kwa kutia namba bila ruhusa. Kuhusu mashine iliyosahaulika, taarifa ilisema ni hitilafu ya kawaida.

"Sikutaka nisamehewe," anasema. "Nilitaka mtoto asizeeke na mzigo ambao si wake."

Namba hazikuondolewa. Binti amerudi shule. Jumamosi hupita kwa mama yake mdogo, saa ambazo baba yake yuko kazini.