Sahani ya Ushahidi

Kwa masikitiko makubwa, ukoo, majirani na wafanyakazi wote wa kiwanda cha magodoro wanatangaza kufariki kwa kilo hamsini na moja zilizokuwa mali ya mpishi mkuu wa kantini, anayejulikana kwa jina la Tangi. Marehemu walizaliwa mmoja mmoja kwa muda wa miaka kumi na miwili, wakaishi kwa amani kiunoni, mapajani na chini ya kidevu, kisha wakatutoka ndani ya miezi kumi na minne. Wameacha mjane mmoja, ambaye ni kiti cha chuma cha jikoni, pamoja na magauni kumi na tisa yasiyo na mtu wa kuyajaza. Mazishi yalifanyika bila mwili. Chakula kitatolewa saa sita kamili, kama kawaida.

Tangazo hilo lilibandikwa ukutani pale kantini, na watu walivua kofia kulisoma. Lakini wenye midomo mirefu, wanaosema kwamba kilo zile zilitokana na uroho, wakome. Zilitokana na kazi.

Miaka kumi na mitatu nyuma, mpishi aliyekuwepo aliwalisha watu maharage yaliyolala siku mbili kwenye joto, na alasiri ile kiwanda kizima kikapanga foleni moja tu, ya chooni. Kesho yake hakuna aliyegusa chakula. Ndipo akaletwa huyu mama, wakati huo mwembamba na bila jina la utani. Hakuhutubia. Alivuta kiti cha chuma akakiweka nyuma ya dirisha la kutolea chakula, mahali ambapo kila mtu anamwona, akajipakulia sahani iliyojaa, wali, maharage, nyama na mboga, akala mpaka sahani ikang'aa. Akafuta mdomo.

"Mkiona nimeanguka, msile," akasema.

Hakuanguka. Watu wakapanga foleni. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa popote: hakuna anayeinua sahani mpaka mama amalize yake. Wakaiita sahani ya ushahidi. Na kwa kuwa kiwanda kina zamu mbili za kula, saa sita na saa nane, ushahidi ulitolewa mara mbili kwa siku. Watu mia tatu wa kila zamu waliweka dhamana ya matumbo yao kwenye tumbo la mwanamke mmoja, halafu wakawa na ujasiri wa kumwita Tangi.

Alipofika miaka arobaini na sita, daktari alimwambia kwamba magoti yake yamemtangulia kuzeeka, sukari imepanda, na usingizini anakatika pumzi kama redio yenye betri mbovu. Njia zote za kupunguza uzito alikuwa amezijaribu na zote zikamtoa jasho bure. Akakubali kupasuliwa. Tumbo likakatwa, likashonwa, likabaki kipande chembamba cha saizi ya ndizi moja.

Meneja aliambiwa ni likizo ya mambo ya kifamilia, na msaidizi wa jikoni akakikalia kiti kwa muda. Aliyejua ukweli ni mumewe peke yake, fundi wa mafriji, mtu mpole anayeongea zaidi na mashine kuliko na watu.

Nyumbani maisha yakaanza upya kama ya mtoto mchanga. Wiki za kwanza, supu iliyochujwa, kikombe kidogo, funda kwa funda. Halafu vilivyopondwa. Halafu vya kutafuna, na hapo mtaalamu wa lishe akamwandikia amri kwenye karatasi, fundi akaibandika kwenye mlango wa friji: kijiko cha chai, si kijiko kikubwa. Nyama, yai au maharage kwanza, wali baadaye. Tafuna mara ishirini na tano. Usinywe maji na chakula, subiri nusu saa. Vidonge vya vitamini kila siku, maisha yote. Ukishiba, acha, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtesa. Mwanamke ambaye hajabakiza chakula kwa miaka kumi na miwili aliitazama nusu ya yai kwenye kisahani kama mtu aliyemwacha ndugu yake barabarani.

"Nipe mimi nimalizie," fundi alikuwa akisema, kwa huruma. Huruma hiyo ilianza kuonekana kwenye mkanda wake wa suruali.

Mama mkwe alikuja kuwatembelea, akamkuta mkwewe anatafuna kipande cha kuku huku macho yako kwenye saa.

"Mwanangu, umenuna?"

"Hapana, mama."

"Kama huyu mwanangu amekukosea, sema. Usijiue kwa njaa."

"Nimeshiba, mama."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe aliyekuwa anamalizia kuku. "Na wewe unakula! Mkeo anakufa njaa, wewe unakula!"

Jambo moja tu jipya lilimfurahisha Tangi: ulimi na pua vilikuwa vimezinduka. Alijua maziwa yataharibika kesho wakati wengine bado wanayasifu leo. Asubuhi moja alimwambia mumewe akiwa bado mlangoni kwamba friji aliyotoka kuitengeneza ilikuwa na samaki. Fundi akanusa mikono yake, akaenda kuoga.

Baada ya wiki nane, siku ya Jumatatu, akarudi kazini, kilo kumi na saba zikiwa zimeshatangulia mbele ya haki. Saa sita akakaa kwenye kiti cha chuma, kisahani cha chai mkononi. Akala vijiko vinne vidogo, polepole, akitafuna kama mtu anayesikiliza habari mbaya. Cha tano kikagoma mlangoni. Akaweka kijiko chini.

Msimamizi wa zamu, ambaye kwa ajili ya sauti yake wanamwita Spika, akasogea dirishani.

"Mama, vipi? Umeacha."

"Nimeshiba."

Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa kile. Watu wakamtazama: amekonda, macho yameingia ndani, chakula chake mwenyewe kimemshinda. Wakatazamana. Kisha watu mia tatu wakatoka nje kimyakimya kwenda kununua mkate kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Jumanne ikawa vilevile. Msaidizi wake, anayeitwa Naibu na ambaye kile kiti alikuwa akikifuta vumbi kwa mapenzi yasiyo ya kawaida, akamnong'oneza, "Dada, kama unaumwa nipishe. Mimi tumbo langu zima."

Alasiri meneja akashuka jikoni, akakuta sufuria saba zimejaa.

"Mama, mimi sitaki kujua una nini," alisema. "Mpaka Ijumaa. Ijumaa wasipokula, kiti anakalia Naibu, wewe unakwenda stoo kupanga sponji."

Kupanga sponji! Mwanamke aliyeanza na jiko lenye sufuria mbili akalifikisha majiko manne, apange sponji zisizo na chumvi!

Jumatano, kwa hiyo, alifanya kosa ambalo lilikuwa likimsubiri. Alichukua sahani kubwa ya zamani, akaijaza, akaketi dirishani, akaanza kumeza kwa kasi yake ya kale. Watu wakaanza kutabasamu. Kijiko cha tano, cha sita. Wa mbele wakashika sahani zao. Cha nane kilipoingia, kifua kikabana kama kidole kilichofungiwa mlangoni, jasho likamtoka, akainuka akakimbilia sinki na kurudisha ushahidi wote, dirisha likiwa wazi na mashahidi mia tatu wakitazama.

"Jamani, sumu!" mtu akapiga kelele. Sahani zikaanguka.

Jioni fundi alimkuta amekaa jikoni kwake, hajavua hata viatu.

"Waambie," akasema fundi.

"Watanicheka."

"Wamekuita Tangi miaka kumi na miwili. Unadhani wataanza lini kukucheka?"

Tangi akafikiri. Alhamisi alishinda jikoni bila kusogelea dirisha, na watu walishinda na mkate. Usiku ule hakuomba ushauri kwa mtu.

Ijumaa, saa sita kamili, kantini ilijaa kuliko kawaida. Hakuna aliyekuja kula. Wote walikuja kuona kiti kikibadilisha mwenyewe. Meneja alisimama karibu na mlango amekunja mikono. Naibu alikuwa amevaa aproni mpya.

Tangi akatokea dirishani na kisahani chake, akaketi.

"Sikilizeni," akasema. "Chakula hakina kitu. Mimi ndiye nimepasuliwa. Tumbo wamelikata, limebaki saizi ya ndizi. Si mimba, si uchawi, si sumu. Nimekuwa nawalia nyinyi kwa miaka kumi na miwili na magoti yamekataa. Anayetaka kucheka, acheke sasa hivi, wali unapoa."

Walicheka. Kwa nini wasicheke? Walicheka mpaka wengine wakashikilia meza. Lakini kilikuwa kicheko cha watu waliotua mzigo, na katikati yake mtu wa idara ya kushona akauliza, "Ndizi mbivu au mbichi, mama?"

"Njoo nikupime na yako."

Spika akainua mkono, kantini ikatulia. "Mama, tunakupa pole. Lakini swali liko palepale. Sahani humalizi. Sisi tutajuaje kama chakula ni kizuri?"

"Hesabuni."

"Tuhesabu nini?"

"Kila kijiko natafuna mara ishirini na tano. Nikifika ishirini na tano nikameza, chungu hicho ni halali. Nisipofika, si halali."

Akachota nyama, nusu kijiko. Spika, mtu ambaye hajawahi kukataa nafasi ya kupaza sauti, akaanza: "Moja! Mbili!" Hesabu ya kumi ikawa sauti ya watu thelathini, ya kumi na tano watu mia, na ishirini na tano ikapasua dari. Akameza. Makofi. Akachota wali. Wakahesabu tena, safari hii wakipiga vijiko kwenye meza. Akameza. Hata meneja midomo ilikuwa inacheza.

Akachota maharage.

"Saba! Nane! Tisa!"

Taya likasimama.

"Kumi," alisema mtu mmoja wa nyuma, peke yake, akaona aibu.

Tangi akatoa kitambaa, akatema, akakikunja vizuri. Hakumgeukia mtu.

"Naibu, haya maharage yameungua."

"Hayajaungua, dada. Onja tena."

"Yaliungua chini. Ukayamimina ya juu kwenye sufuria nyingine, ukatia kitunguu cha mara ya pili na sukari kidogo kufunika. Ile ya kwanza umeiweka wapi?"

Naibu akatazama aproni yake mpya kama aliyetegemea kwamba itajibu. Meneja akapita mlango wa jikoni, akainama chini ya sinki, akaibuka na sufuria yenye tako jeusi kama tairi. Akaiinua juu, watu wote wakaiona.

Pakazuka kelele ambayo kiwanda cha magodoro hakijaisikia hata siku ya kupandishwa mishahara.

"Lakini mama," Spika akauliza ilipopungua, "miaka yote ile ulikula sahani nzima, mbona hukuwahi kurudisha chungu hata kimoja?"

Tangi akatafakari swali hilo kwa haki.

"Nilikuwa nameza," akasema. "Sasa ndiyo naonja."

Halafu akapiga kijiko cha chai kwenye chuma cha dirisha. "Leo ni wali na nyama. Maharage hayatoki. Pangeni foleni."

Wakapanga. Foleni ilitoka nje ya mlango, ikapinda kwenye uwanja wa malori, na meneja alisimama katikati yake ameshika sahani kama watu wengine, kwa sababu Spika alikataa kumpisha mbele. Naibu hakufukuzwa. Tangi alimpa sufuria ile aisugue, akachukua siku mbili, na tangu hapo harage likianza tu kushika chini yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele.

Sahani kubwa imestaafu. Kila saa sita na saa nane kantini inahesabu mpaka ishirini na tano, na madereva wageni wanaoleta pamba wanadhani ni aina ya sala. Wapo walioanza kuhesabu na kwenye meza zao wenyewe. Mzee wa mashine ya kukata sponji anasema ameonja nyama kwa mara ya kwanza tangu aoe. Jina la Kikombe lilijaribiwa, halikushika. Ni Tangi mpaka leo.

Si kwamba yote ni sherehe. Nywele zilipukutika mwezi wa nne, zikaota tena. Siku moja kipande cha keki ya harusi ya binamu yake kilimlaza chali nusu saa, moyo unakimbia, akikitukana kimoyomoyo. Lakini mwezi uliopita alipanda ngazi ghorofa tatu hadi ofisi ya meneja kudai jiko la tano. Zamani meneja ndiye aliyeshuka. Alifika juu akaanza kuongea palepale, bila kusimama kuvuta pumzi, na meneja kwa mshtuko akatia saini kabla hajasoma.

Na siku jiko hilo lilipowekwa, Spika akapanda juu ya meza akalisoma kwa sauti lile tangazo la msiba, ambalo kumbe aliliandika yeye. Alisoma neno kwa neno, watu wakiitikia kwa vilio vya uongo. Fundi wa mafriji naye alikuwepo, mkanda umesogezwa matundu mawili mbele, akanyooshewa kidole kwamba kilo nane kati ya marehemu zimeonekana kwake zikiwa hai.

"Mama yetu!" Spika akamalizia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Shujaa wa majiko matano! Mwanamke aliyewashinda hamsini na moja peke yake, bila silaha ila kijiko cha chai! Tuambie sisi wafiwa, leo hii, mbele ya umati huu, unajisikiaje?"

Tangi alikuwa amesimama mbele ya majiko matano yanayowaka, sweta limefungwa vifungo vyote chini ya aproni.

"Nasikia baridi," akasema. "Chukueni sahani."