Saa Moja na Nusu Mpaka Lindi

Saa tano kasorobo asubuhi, ndege ya majini inatua bandarini Dar es Salaam. Muhiddin Saidi amesimama kwenye ncha ya boti, miguu kaipanua, anangoja kamba. Anaidaka, anaifunga kwenye boya. Akiikosa, ndege itachukuliwa na maji na matusi yatakuwa yake.

Abiria wanashuka wakinyoosha viuno. Wametoka London, maili zaidi ya elfu tano, kwa siku tano. Wanalalamika wamechoka.

Muhiddin anakaza fundo la kamba. Ndege hiyohiyo ikishajazwa petroli itaruka kwenda Lindi, saa moja na nusu tu. Huko ndiko alikozikwa mkewe, Siti, siku thelathini na mbili zilizopita. Kaburi hajaliona.

"Jitie kwenye gunia la barua, shehe," anamtania Hamud, mpiga makasia mwenzake. "Adhuhuri uko kwenu unatafuna mhogo."

"Na stempu utanibandika wewe?"

"Ya paji la uso!"

Wanacheka kidogo, kisha wanashika makasia.

Mwezi Januari, mwaka huu wa 1938, Siti alikwenda kumuuguza mama yake kijijini, maili nane nyuma ya Lindi. Tumbo likamshika. Daktari akataka kumpasua. Wazee wakasema mke wa mtu hapasuliwi bila ruhusa ya mumewe. Wakatuma ujumbe kwa meli.

Muhiddin alijibu siku ileile aliyoupata, kwa barua ya ndege. "Nilijiona nimefanya la maana," anasimulia, kaketi barazani kwake Kariakoo. "Nikamwambia mwandishi, andika: mpasueni, nimeridhia. Kamba ya ndege ile nimeifungua kwa mikono hii, barua imo ndani."

Barua ilifika Lindi mchana uleule. Ikalala posta siku tisa. Barua ya mtu mweusi haipelekwi nyumbani, hufuatwa dirishani. Na baba mkwe wake alikuwa akishinda gatini kila meli ikitia nanga, maana jibu la Dar es Salaam tangu zamani huja na meli. Ilipookotwa, Siti ana siku mbili kaburini.

"Mzee wa watu angejuaje? Simlaumu. Nawalaumu hao wakubwa. Wametandika njia angani toka Ulaya mpaka huku, wameshindwa kumwajiri tarishi mmoja atembee maili nane!"

Aliomba likizo ya siku kumi akasome hitima ya arobaini. Jibu alilileta karani Anselmi, macho chini.

"Bwana mkubwa anasema marehemu keshazikwa, unakwenda kufanya nini? Na ndege zinakuja."

"Nawe ukaona ni maneno ya kuniletea?"

"Mimi natumwa tu, Mzee Muhiddin."

Mshahara wake ni shilingi ishirini kwa mwezi. Bei ya kiti cha ndege hajaiuliza, hataki kuchekwa.

Jumamosi hii atapanda meli, daraja la sitahani, bila ruhusa. Safari ni siku mbili, hivyo Jumatatu atakuwa Lindi, siku tatu kabla ya arobaini. Akirudi, kazi huenda imepata mwenyewe mwingine.

"Waichukue," anasema. "Nimemwomba binti yangu Mauza, aliye huko kijijini, wasifungue msahafu mpaka nifike."

Amemwandikia barua tena?

"Niandike!" Anatema mate pembeni. "Nimemtuma mpishi wa meli iliyopita. Kwa mdomo. Na nimemwapisha afike mpaka mlangoni."