Komeo la Bi Zuhura

Nnalinda hoteli Mji Mkongwe, nyumba niliyopanga zamani na mke wangu. Kazi niliiomba ili nikae karibu na mlango wetu wa uani, ambao sasa ni wa dharura. Mkataba nilisomewa, nikatia dole gumba: atakayeufunga mlango huo hana kazi.

Juzi kukaadhiniwa magharibi. Zamani, saa hiyo mke wangu, kwa kuogopa mashetani, alikuwa akinambia nitie komeo. Mkono ukatia wenyewe. Mara king'ora cha majaribio ya moto kikalia, wageni wakarundikana mlangoni, nami nnawahimiza watoke.

Meneja akalichomoa komeo. "Mzee, nani kakwambia ufunge?"

"Bi Zuhura."

"Yuko idara gani huyo?"

Wenzangu wakainama. Nikamwambia ni mke wangu, na jeneza lake lilitokea mlango huu huu.