Majina Matatu ya Mama Rejista

Watoto walimwita Mama Rejista, na wala si kwa mapenzi. Mwalimu mkuu huyu alikuwa mkaidi balaa: jina likishaingia kwenye rejista yake halifutwi, mpaka aende mwenyewe akamwone mtoto ameketi kwenye dawati la shule nyingine. Habari za "nasikia wamehama" hakutaka kuzisikia.

Ukaidi huo ndio uliomponza. Mwaka jana watoto watatu walitoweka kabla ya mtihani wa mwisho: mapacha waliosemekana kuhama na baba yao, na binti mmoja aliyelazwa kwa kifua kikuu hospitali ya mbali. Akawasajili kwa mtihani hivyo hivyo, akitumaini watatokea. Hawakutokea. Kumbe asiyetokea anahesabiwa sifuri! Wastani ukashuka hadi thelathini na tisa, na sheria mpya ya uwajibikaji inasema chini ya arobaini, shule inafungwa. Watoto mia nne, na vile vidogo vya darasa la kwanza humo humo, wavuke barabara kuu ya malori kila asubuhi kufuata shule ya pili. Jamani!

Ndipo akaenda kwa mbunge. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, miguu ikavimba, akaitwa saa tisa, akaeleza habari ya wale watatu.

"Mheshimiwa, nifukuzeni kazi mimi. Shule iacheni."

"Mwalimu, sheria hiyo niliipigia kura mwenyewe. Wazazi wamechoka kuchezewa watoto wao."

"Nani kawachezea? Njoo uone madaftari yao!"

"Sheria haisomi madaftari, inasoma wastani." Mbunge akavuta simu yake, akabonyeza tarakimu. "Toa hao watatu… arobaini na moja. Si umepita? Andika barua hapa, hawakuwa wanafunzi wako, uliwasajili kimakosa. Wizarani nitaipeleka mwenyewe."

"Lakini walikuwa wangu."

"Huyo mgonjwa yuko hai?"

Hakujua. Alikwenda hospitali mara mbili. Mara ya pili alikuta kitanda kina mtu mwingine, na nesi wa zamu hana habari. Mwalimu akalia pale pale mbele ya mheshimiwa, makamasi na yote, kisha akaandika, akatia sahihi. Usiniulize alijisikiaje. Wewe ungefanyaje?

Wiki mbili baadaye barua ikaja: shule inabaki, na majina matatu yameondolewa katika kumbukumbu zote. Walimu wakapiga vigelegele ofisini. Yeye akachukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mistari mitatu kwenye rejista. Mstari wa tatu ukapinda.

Jumatatu, wakati wa kuita majina, binti akasimama mlangoni. Sare inampwaya, mkononi ana bahasha ya hospitali.

"Mwalimu, nimepona. Walinihamishia wodi nyingine. Naweza kurudia mwaka, nifanye mtihani?"

Mwalimu akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Kule wodini waliniambia shule itakuwa imeshanisahau," binti akasema, akitabasamu. "Nikawacheka. Nikawaambia, nyie hammjui Mama Rejista."

Akaenda kuketi kwenye dawati lake la zamani, akasubiri kuitwa.