Chandarua Kipo, Mama

Kitu cha kwanza nilichoandika baada ya kujua kuandika kilikuwa tarehe. Nilikuwa nimekwisha kuzaa watoto wawili, nikihudhuria darasa la watu wazima kila alasiri, na mume wangu, ambaye hakusoma kabisa, aliniomba nimwandikie siku aliyowasha moto wa bani. Bani ni nyumba ya udongo isiyo na dirisha ambamo tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni. Moto huo huangaliwa usiku na mchana kwa takriban wiki nzima. Ukizima, jani huharibika rangi na jasho la msimu limepotea. Kwa hiyo sisi wa Urambo, wakati wa kukausha, kila usiku tunahamia shambani, baba, mama na watoto, tunalala kwenye kibanda kando ya bani. Nimelala hivyo misimu kumi na tisa. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanitetea kwamba sikujua.

Mume wangu alipofariki, niliacha kulima tumbaku lakini sikuacha daftari. Niliendelea kuandika siku ambayo kila jirani aliwasha moto, kwa mazoea tu, kama mtu anayeendelea kupika chakula cha wawili. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na cheti changu nilikitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione.

Ni cheti hicho kilichoniletea kazi. Watafiti wa malaria wenye ofisi mjini Tabora, mtaa wa Chemchem, walitafuta wahojaji wa vijijini. Tulifundishwa kwa siku tatu, kuanzia Jumatatu ya mwisho ya Januari. Siku ya pili, kijana mmoja kutoka wilaya nyingine aliniuliza ninakotoka. Nilipomjibu, akawageukia wenzake.

"Watu wa tumbaku! Hao vyandarua wanafunikia vitalu vya miche."

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao. Moyoni niliapa kwamba kijiji changu hakitachekwa mara ya pili.

Jumanne ya pili ya Februari nilifika kwa jirani yangu, mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza. Alikuwa uani akifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, mtoto wake wa mwisho akichezea kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo nimekuja kikazi."

"Naona. Umekuwa serikali kabisa, na kishikwambi mkononi. Haya, uliza, nisije nikafungwa."

"Jana usiku wewe na watoto mlilala ndani ya chandarua?"

Aliinua kichwa, akaniangalia, kisha akaangalia mlango wa chumba chake uliokuwa wazi.

"Chandarua kipo, mama. Kimetundikwa. Si unakiona mwenyewe?"

Nilikiona. Kilikuwa kimefungwa fundo juu ya kitanda kilichotandikwa vizuri mno, kitanda ambacho hakikulaliwa. Nguo zake zilinuka moshi wa bani. Asubuhi ileile, kabla sijatoka nyumbani, nilikuwa nimeandika daftarini kwamba bani lao lina siku ya nne. Alichonijibu kilikuwa kweli. Hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyegusa neno "Ndiyo" kwenye kioo.

Sikuwa mvivu. Mtu asiyelala nyumbani alikuwa na ukurasa wake wa maswali, na ningeujaza kwa dakika chache. Nilichoogopa ni ukumbi ule na kicheko chake. Nyumba baada ya nyumba, kila mwenye bani nilimwandikia "Ndiyo", na msimamizi alipokuja kukagua aliwaambia wenzangu kwamba kazi safi ni kama yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo.

Makala ya utafiti ilitoka mwezi wa Novemba. Iliwekwa mtandaoni kabla wataalamu wengine hawajaipitia, kama inavyofanyika siku hizi ili matokeo yawafikie watu mapema. Mtafiti mkuu, daktari wa kike ambaye hunisalimia kwa kupiga goti kidogo, alinitumia kwenye simu. Niliisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kamusi mapajani, kwa siku mbili. Mwishoni waliwashukuru wahojaji wa vijijini, na niliisoma sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Ndipo nikarudi katikati. Waliandika kwamba katika vijiji vyetu watu wanalala ndani ya vyandarua na bado wanaugua sana. Kwamba huenda vyandarua hivi haviwazuii tena mbu wa huku.

Nilielewa mara moja. Mbu wa huku hawakuwa na ajabu yoyote. Waliwakuta watu kwenye vibanda, hawana chochote cha kujifunika.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba hao wataalamu wengine wataona kasoro wenyewe. Nilinyamaza Novemba yote, na Desemba, na Januari. Wakati huo maneno yalikuwa yamekwisha kutoka kwenye makala na kuingia kwenye makundi ya simu, yakiwa yamefupishwa: vyandarua havisaidii. Jumamosi ya kwanza ya Februari nilipita kwa jirani yangu nikakuta chandarua chake kimefunika mchicha.

"Hiki si cha kulalia?" nilimuuliza.

"Cha kulalia nini, mama? Si ninyi wenyewe mmeandika havifai? Angalau kuku hawatakula mboga yangu."

Hapo ndipo pa kusema. Nilisema, "Mchicha umestawi."

Siku kumi na moja baadaye mtoto wake, yule aliyekuwa akichezea kamba, alipatwa na degedege. Walimkimbiza hospitali akaongezwa damu. Nilikwenda kumtazama. Mama yake alinisogezea nafasi kwenye benchi, akanishukuru kwa kuja. Shukrani hiyo ndiyo iliyonishinda.

Kesho yake nilipanda basi la kwanza kwenda Tabora, daftari likiwa ndani ya mkoba. Nilijua ninachobeba. Bila daftari ningeweza kusema nilikosea. Lenyewe lilionyesha kwamba nilijua, siku kwa siku, nyumba kwa nyumba.

Daktari alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza, "Mama, ni nyumba zipi?"

"Zote zilizokuwa na moto. Zimo humu."

Alifungua ukurasa wa Februari, akafungua na majibu yangu kwenye kompyuta, akawa anapitisha kidole huku na huku.

"Uliandika asubuhi," alisema mwishowe, "halafu mchana ukaja ukaniandikia mimi hivi."

"Ndiyo, daktari."

"Kwa nini, mama yangu?"

Nilimweleza habari ya ukumbi. Ilikuwa sababu ndogo kuliko nilivyoikumbuka, na nilipoisema mbele yake ikawa ndogo zaidi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema makala bado haijachapishwa kwenye jarida, kwamba ataiondoa na kuweka nyingine yenye maelezo ya kosa, na kwamba kishikwambi nitakiacha mapokezi. Nilimwomba awaondoe wahojaji wa kijiji changu kwenye shukrani. Alisema kijijini kwangu mhojaji alikuwa mmoja tu, na kwamba kunificha si kazi yake.

Makala mpya imetoka. Inasema watu wengi walikuwa wakilala kwenye vibanda vya mabani bila kinga, na kwamba vyandarua havijapimwa inavyostahili. Niliipeleka mwenyewe kwa jirani yangu, nikamtafsiria kila mstari, na mstari wa kosa langu nikautafsiri mara mbili. Alikuwa akifunga majani, mtoto, aliyekwisha kupona, amelala mgongoni kwake.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na mimi nilijua kwamba unajua, mama. Nilidhani unanisitiri." Alikaza fundo la kijiti. "Haya, niulize sasa."

Sikuwa na kishikwambi wala kazi. Nikamuuliza hivyohivyo, nimesimama juani.

"Jana ulilala wapi?"

"Bani," alisema. "Na leo nitalala hukohuko. Njoo unisaidie kukitundika chandarua huko."