Nchi Isiyojua Moto

Kwa miaka ishirini na sita msahihishaji mmoja wa miswada alilipwa mshahara kwa kutoamini. Kazini walimwita Bwana Nukta, na mkewe alizoea kusema kwamba mumewe hata salamu huikagua kwanza ndipo aitikie. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, juu ya mashine za kuchapia. Meza ilitetemeka kutwa nzima, na kalamu nyekundu zilipobingirika hadi ukingoni alizidaka bila kutazama.

Mswada wa dobi mmoja ulipomfikia, alinusa kitu.

Dobi alikuwa mwanamke wa makamo, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Alikuwa ameandika kwa mkono, katika madaftari tisa, hadithi ya nchi ambayo haijapata kuona moto. Bwana Nukta alizijua hadithi za namna hiyo: mtu anavuka jangwa zima, anafika na viatu safi. Akaanza kuwinda. Alitafuta sufuria, msumari, chungu, majivu. Alitafuta hata mtu mmoja aliyewaka kwa hasira. Hakupata. Sindano zilikuwa za mifupa, nyama ilikaushwa juani, watoto walilala katikati ya mbuzi wakati wa baridi. Mtu wa huko akikasirika, walisema damu yake imechacha.

"Hii imeibwa," alimwambia mkuu wake, mama mwenye shirika la uchapishaji.

"Kutoka wapi?"

"Bado sijajua. Lakini mtu anayeshinda kwenye povu hapati nafasi ya kusimamisha nchi nzima bila ufa."

"Basi mwite umuulize. Ila usimbane."

Alimbana.

"Shikamoo, mzee," dobi alisema akikaa.

"Marahaba. Nguo huko wanafua na nini?"

"Na maganda ya tunda fulani, yanatoa povu. Baridi ikizidi hawafui, wanaanika na kukung'uta. Ndiyo maana hata matajiri wao hawavai nyeupe."

"Hilo halimo kwenye mswada."

"Halimo. Lakini nisipolijua, nitawavalisha vibaya."

Jibu lilikuwa zuri mno, likazidi kumtia shaka. Akafungua sura ya kumi na tisa.

"Hapa mlinzi anamwona mwizi nyuma yake, kwenye kioo cha ukutani. Kioo hicho kimetengenezwaje?"

Dobi akafungua mdomo, akaufunga. Vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji, vikabaki juu ya ukurasa.

"Kioo ni mchanga ulioyeyushwa," Bwana Nukta alisema. "Kwa moto."

"Naona, mzee."

"Weka beseni la maji, yaishe."

"Beseni halitundikwi ukutani." Akayafunga madaftari yake kwa kitambaa, akaaga.

Alipotoka tu, Bwana Nukta akaandika barua: mwandishi halisi angejibu, huyu kanyamaza, mswada ukataliwe. Mama akaisoma, akaitia kwenye droo. "Tusubiri," akasema.

Kwa wiki tano, kila saa ya chakula cha mchana, Bwana Nukta alishuka stoo kupekua vitabu vya zamani akitafuta ulikoibwa. Hakuona kitu. Badala ya kutulia, akaamini kwamba mwizi huyu amechota mbali zaidi.

Wiki ya sita dobi akarudi na madaftari mawili mapya.

"Nimevunja sura saba," alisema.

"Kwa ajili ya kioo kimoja?"

"Kama hakuna kioo, mzee, nani anaujua uso wake vizuri?"

Bwana Nukta alisoma palepale, bila hata kumkaribisha maji. Sasa kila mtu wa nchi ile alikuwa na ndugu wa kumweleza sura yake kila asubuhi. Malkia alikuwa amefiwa na ndugu zake wote, na mwizi aliingia ikulu kwa kuishika kazi hiyo. Kila siku alimwambia uso wake unazidi kufifia, mpaka malkia, kwa kumtegemea, akamkabidhi funguo za mti za ikulu.

Bwana Nukta alitafuta pa kushika, akakosa. Mwizi wa hadithi angelikubali lile beseni la maji, akaenda zake. Masikio yakapata moto. Akainuka, akaiomba barua yake kwa mama, akaja kuiweka mbele ya dobi.

Dobi aliisoma mara mbili. "Kumbe ulikuwa unanipima."

"Nilikuwa nakutuhumu. Nisamehe, dada."

"Nilipotoka hapa nilitaka kuyatupa madaftari kwenye pipa la hospitali."

"Ikawaje?"

"Swali lilikuwa la haki. Wewe tu ndiye hukuwa na nia njema."

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Mswada wa pili dobi alimletea Bwana Nukta yuleyule, ila hakumwachia. Alikuja nao siku zake za mapumziko, akavuta kiti, akakaa akiitazama mikono yake ikifunua kurasa mpaka ule wa mwisho, kisha akaondoka nao kwapani.